Mguu, Kebo na Giaboksi: Sayansi ya Milimita Moja

Pasaka ya 1979, Safari Rally ya Kenya ilimalizika kwa ushindi wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeendesha Datsun 160J. Aliyemfuata alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, ndani ya gari ambalo wachache wangelidhania linafaa kwa tope na mawe: Mercedes-Benz 450 SLC 5.0, gari la kifahari la milango miwili, injini ya silinda nane na giaboksi otomatiki ya gia tatu. Pedeli ya klachi haikuwapo. Desemba ya mwaka huohuo, katika mbio za Bandama nchini Côte d'Ivoire, magari ya aina hiyo yalichukua nafasi nne za kwanza, Mikkola akiongoza.

Matokeo hayo yanastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba otomatiki ni giaboksi dhaifu, ya barabara za lami tu. Giaboksi ya namna hii ikipata oili safi na taarifa sahihi kutoka kwenye mguu wa dereva, inahimili kazi ngumu. Mara nyingi inayokosewa ni hiyo taarifa. Katika magari ya zamani, taarifa hupita kwenye kebo, fimbo au mpira mwembamba wa hewa, na kosa la milimita chache huweza kuunguza giaboksi nzima.

Asili ya otomatiki iko majini. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyefanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alipata hataza ya kifaa cha kuunganisha tabo ya mvuke, inayozunguka kwa kasi, na rafadha ya meli, inayotakiwa kuzunguka polepole. Kiungo chake kilikuwa umajimaji. Pampu inausukuma, tabo inaupokea, na kati yao kuna mapanga yanayougeuza mwelekeo ili urudi kusukuma tena. Ndiyo konveta iliyomo leo kati ya injini na giaboksi. Gari likiwa ndiyo kwanza linaondoka, konveta inaweza kuongeza nguvu ya kuzungusha hadi takriban mara mbili. Zaidi ya hayo, oili hupokea mishtuko ambayo kwenye gari la klachi ingefika moja kwa moja kwenye ekseli. Katika barabara ya mashimo hiyo ni faida kubwa, na dereva anabaki na mikono yote miwili kwenye usukani.

Lakini konveta haichagui gia. Kazi hiyo, kabla ya kompyuta, ilifanywa na shinikizo la oili peke yake. Ndani ya giaboksi kuna vali ndogo inayosukumwa kutoka pande mbili. Upande mmoja kuna shinikizo linalotoka kwenye gavana, ambalo huongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi. Upande wa pili, pamoja na springi, kuna shinikizo linaloongezeka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Upande wa kasi ukishinda, vali inasogea na gia inapanda. Ukikanyaga sana, upande wa mguu unapata nguvu, kwa hiyo gia inachelewa kupanda na injini inapata nafasi ya kuvuta. Ukikanyaga hadi sakafuni, gia inashuka ili uweze kulipita lori lililo mbele.

Kazi hii ya kwanza madereva huisikia masikioni. Kuna kazi ya pili isiyosikika, na ndiyo inayoamua maisha ya giaboksi. Taarifa ya mguu huongeza pia shinikizo kuu linalobana plati za klachi zilizo ndani. Injini ikitoa nguvu kubwa, plati zinahitaji kubanwa zaidi. Zikibanwa kidogo zinateleza, zinapata joto, zinaungua, na oili inakuwa nyeusi yenye harufu ya kuungua. Ndiyo maana kulegeza kebo ili gia zipande mapema na kwa ulaini ni kosa la gharama kubwa. Mteja anaondoka ameridhika, kumbe plati zimeanza kuteleza kidogo kila gia inapobadilika.

Magari mengine hutumia ombwe la injini badala ya kebo. Mpira mwembamba hutoka kwenye njia ya hewa ya injini hadi kwenye kidude chenye kiwambo kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi. Injini ikifanya kazi kidogo, ombwe ni kubwa na shinikizo la oili hushushwa. Mafuta yakikanyagwa, ombwe hupungua na shinikizo hupanda. Mpira ukipasuka, giaboksi hudhani muda wote kwamba imebeba mzigo mzito, ikachelewa kubadili gia na kugonga kwa nguvu.

Kwa nchi zetu kuna jambo la ziada, nalo ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na taboja inapata hewa kidogo, kwa hiyo dereva anakanyaga zaidi ili kupata nguvu ileile. Kebo haijui habari ya hewa. Inajua tu pedeli imeshuka kiasi gani. Giaboksi inachelewesha gia hata kama kebo imepimwa vizuri. Vivyo hivyo, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayetoka Kinkondja, kwenye tambarare ya Ziwa Kisale, kwenda Kamina anapanda mamia ya mita. Mabadiliko ya aina hiyo ni ya hewa, na hayatibiwi kwa spana.

Marekebisho yana mpangilio wake. Kwanza pima oili ya giaboksi gari likiwa mahali tambarare na giaboksi ikiwa na joto, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Pili, hakikisha injini yenyewe ni nzima: inanguruma sawasawa bila kukanyagwa na plagi zote zinachoma. Tatu, zima injini, mwombe mwenzako akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho, kisha tazama kama kilango cha hewa kimefunguka chote. Zulia nene chini ya pedeli linatosha kuiibia injini nguvu. Ndipo uiguse kebo ya giaboksi, kwa sababu yenyewe inapimwa kutokana na kilango hicho.

Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, kipimo ni hiki: kilango kikiwa wazi kabisa, nafasi kati ya mwisho wa kifuniko cha mpira na kizuizi kilichobanwa kwenye kebo iwe milimita 0 hadi 1. Rula na spana mbili zinatosha. Hata katika baadhi ya giaboksi ambazo kompyuta ndiyo huchagua gia, kama A340E ya Toyota, kebo hii ilibaki kusimamia shinikizo la oili. Kuikata au kuilegeza kwa kudhani haina kazi ni kuziunguza plati. Malizia kwa kukagua mkono wa gia: injini iwake katika P na N pekee, na kila herufi ilingane na nafasi yake ndani ya giaboksi. Kisha liendeshe gari, kwanza kwa mguu mwepesi, halafu kwa mguu mzito.

Aliye Kinkondja yuko mbali na karakana kubwa za Lubumbashi, na kuisafirisha giaboksi huko na kuirudisha ni gharama inayoweza kuliegesha gari kwa miezi. Kwa fundi wa huko, kipimo cha milimita moja ni nyenzo ya kweli. Gari likianza kuchelewesha gia au kuteleza, aanze na oili, kilango, kebo na mpira wa ombwe, aandike alichokikuta kabla ya kukibadili, na afuate namba ya mtengenezaji badala ya hisia ya mteja. Giaboksi ifunguliwe baada ya hivyo vinne kuthibitishwa kuwa vizima.