Mvua Imerudi, Lakini Tusikimbie



Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki ya Kenya. Sababu kubwa ilikuwa kupoa kwa maji ya bahari ya Pasifiki, hali inayoitwa La Niña. Sisi wa Kedowa hatukukauka kama Turkana au Marsabit, lakini kiangazi kikirefuka hata huku majani chai hupungua na maziwa pia. Mvua iliyoanza Machi 2023 ndiyo iliyopunguza ule ukame. Na siku za kwanza za mvua zina hasara zake.

Kikundi kimoja ninachokitembelea kilipanda mahindi siku ya pili tu ya mvua. Mbegu ilikuwa ya mkopo. Ikaota vizuri, kumbe jua linarudi! Kwa wiki mbili hakuna tone, mahindi yakanyauka, deni likabaki. Udongo uliokauka miezi mingi huonekana tope juu na chini ni vumbi. Kwa hivyo chimbeni kwa jembe mahali patatu shambani. Kama unyevu haujafika chini urefu wa kiganja na vidole vyake, ngojeni. Wazee watasema baba zao walipanda vumbini. Ni kweli, lakini wao hawakununua mbegu ya paketi.

Hatari ya pili ni ng'ombe. Nyasi changa na klova zina maji mengi, na ng'ombe aliyeshinda njaa hula kwa pupa. Povu linajaa tumboni, hewa haitoki, ubavu wa kushoto unafura kama ngoma. Anaweza kufa kwa saa chache tu, na huyo ndiye karo ya shule. Asubuhi mpeni kwanza nyasi kavu au mabua ya mahindi, kisha umande ukikauka ndipo atoke. Akifura, mtembezeni, mnyweshe robo lita ya mafuta ya kupikia polepole bila kuinua kichwa sana, yasije yakaingia kwenye mapafu. Na mtu akimbie kwa daktari wa mifugo wakati huo huo, si kesho.

Mkiwa na tangi, maji ya kwanza ya mabati yamwageni, yana vumbi na mavi ya ndege. Tena kagueni mahindi kila jioni, kwa maana viwavi jeshi hupenda mvua inayofuata ukame. Mkiwaona, mwambieni afisa wa kilimo siku hiyo hiyo.