Uso wa Tutu Baada ya Vita

Sisi wa majeshi tumezoea kuutazama uso wa raia kwenye kizuizi cha barabarani. Twatazama kitambulisho, twatazama uso, kisha twaamua: apite ama ashuke. Ni kazi halali. Lakini leo twapenda kuwaeleza wapiganaji wenzetu, pamoja na ndugu zetu polisi, habari ya mtu aliyeutazama uso wa msichana kwa namna nyingine, katika nchi ambamo nyuso zilikuwa zimekwisha kugeuzwa ushahidi.

Nchi hiyo ni Nigeria. Mnamo 1966 Waibo wengi, raia kwa askari, waliuawa huko Kaskazini kwa sababu ya kabila lao. Mwaka uliofuata Mashariki ikajitenga kwa jina la Biafra, na vita vikaendelea hadi Januari 1970. Jenerali Gowon alitangaza kwamba hapakuwa na mshindi wala mshindwa. Lilikuwa neno jema. Ila tangazo, kama ajuavyo kila aliyekaa kambini, hufika ubaoni mapema kuliko moyoni.

Mchoraji Ben Enwonwu alikuwa Mwibo wa Onitsha, mji wa kando ya mto Niger uliopiganiwa vikali. Baba yake alikuwa mchonga sanamu wa jadi; yeye mwenyewe alisomea London, na baadaye akachonga sanamu ya Malkia Elizabeth wa Pili. Kwa kuunganisha ujuzi wa nyumbani na ule wa Ulaya, akahesabiwa miongoni mwa waasisi wa sanaa ya kisasa ya Afrika. Baada ya vita alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ife, nchi ya Wayoruba. Huko, mwaka 1973, alimwona binti mmoja njiani, Adetutu Ademiluyi, mjukuu wa mfalme wa zamani wa Ife. Hakumwamuru asimame. Alikwenda kubisha hodi kwa wazazi wake, akaomba idhini ya kumchora.

Katika picha hiyo, iitwayo "Tutu", binti ameketi akiwa na kilemba kichwani, shingo ndefu, mwili umeelekea kando, na macho yamemgeukia mtazamaji. Haogopi, wala hajipendekezi. Twakiri kwamba sisi tuliofundishwa kusoma ramani kabla ya kusoma picha tulihitaji muda kuliona hilo. Wanigeria waliliona upesi: mkono wa Mwibo umemtukuza binti wa Kiyoruba, miaka mitatu tu baada ya bunduki kunyamaza. Nakala zake zikatundikwa katika nyumba nyingi, na picha ikawa alama ya mapatano.

Enwonwu aliichora mara tatu. Alifariki mwaka 1994, na mmoja wa michoro hiyo ukaibwa. Mwishoni mwa 2017 mtaalamu wa kampuni ya mnada ya Bonhams aliitwa katika nyumba ya kawaida kaskazini mwa London, akaukuta ukutani mchoro wa 1974. Wenye nyumba hawakujua thamani yake. Februari 2018 uliuzwa kwa zaidi ya Pauni milioni 1.2.

Wenzetu wa upelelezi watapenda kujua habari za ile mingine miwili. Hadi siku ya mnada ule, haikuwa imejulikana iliko.