Maua ya ku mulango: tupande, lakini tufundishe watoto



Mu lupango nyingi za Lubumbashi mama anapenda maua, lakini mayi ni shida. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua hainyeshi, vumbi inafunika kila kitu. Nani atamwangilia maua wakati ndoo ya kupikia yenyewe haitoshi?

Kuna muti mumoja usiosumbua: loriye-roze (kwa Kifaransa wanaandika «laurier-rose»). Majani yake yanabaki mabichi mwaka muzima. Maua yake ni ya roze, meupe ao mekundu. Kuupanda ni rahisi. Kata tawi la santimetre 20, ondoa majani ya chini, litie mu chupa ya mayi. Kisha majuma machache mizizi itatokea. Panda pahali pa jua wakati mvua inaanza, mwezi wa 11. Kiangazi cha kwanza uumwangilie. Kisha pale utajitafutia mayi wenyewe. Maua yakiisha, punguza matawi, halafu nawa mikono vizuri.

Kwa nini kunawa? Kwa sababu muti huu ni sumu: majani, maua, matawi, hata yakikauka. Na hatari kubwa iko mu jina. Siku moja mtoto atasema: «Mama, sosi inakosa loriye. Nikate ile ya ku mulango?» Hapana, mwanangu! Loriye ya kupikia ni muti mwingine kabisa. Majani yake yananukia vizuri, yanaota moja moja ku tawi. Ya loriye-roze ni marefu na membamba, mara nyingi matatu pamoja. Majani ya sosi tununue ku soko, tusiyachume mu lupango.

Vijana nao wasikie: tawi lake musichomee michopo, wala musilitie mu moto, moshi yake pia ni mbaya. Mbuzi akila majani, anaweza kufa.

Mutu akikula, anatapika, tumbo linauma, moyo unapiga vibaya. Musingojee, musimutapishe kwa nguvu, musimupe dawa ya nyumbani. Mumupeleke mbio ku lopitali, na mubebe tawi munganga aone.

Kama mu nyumba kuna mtoto anayetia kila kitu mu kinywa, afazali ibiskusi. Itaomba mayi zaidi, lakini mama atalala usingizi. Loriye-roze itangojea mtoto akomae.