Fahamu: Helmeti ya baiskeli ya umeme iendayo kasi
Ukishuka kutoka Ilboru kuingia Arusha mjini, baiskeli ya umeme hukimbia kama pikipiki ndogo, kwa hiyo helmeti ya baiskeli ya kawaida haitoshi. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, huijaribu kwa kuigongesha kwa takriban kilomita 19.5 kwa saa. NTA 8776 ya Uholanzi, iliyotoka mwaka 2016 kwa baiskeli za umeme zifikazo kilomita 45 kwa saa, hutumia takriban 23.4 na hudai panja na kisogo vifunikwe zaidi. Tofauti inaonekana ndogo, ila nishati ya mgongano hupanda kwa asilimia 40 hivi. Wapo watakaolalamikia joto la helmeti hiyo. Basi watafute yenye matundu. Kamba isiyofungwa, kosa la abiria wengi wa bodaboda, hufuta faida yote hiyo.