Mwizi Alijua Sarafu Zilipo

Katikati ya miaka ya 1980, wezi wa Kirkholt hawakuwa na haja ya kuchunguza nyumba kwanza ili wajue kama ndani mna fedha. Mtaa huo wa nyumba za halmashauri, zaidi ya 2,000, uko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, na wakazi wake wengi walilipia umeme na gesi kwa kutumbukiza sarafu kwenye mita. Mpaka mtu wa kampuni aje kuzikusanya, kila mita ilikuwa kibubu kisicho na mlinzi. Kuvunja nyumba Kirkholt kulikuwa jambo la kila siku, na karibu nusu ya matukio hayo yalihusu fedha za mita.

Watafiti, wakiwemo David Forrester na mwanasaikolojia Ken Pease, waliuendea mtaa huo kwa namna ambayo wakati ule haikuwa ya kawaida. Pamoja na polisi na maafisa wa probesheni, waliwahoji walioibiwa, majirani zao, na wezi wenyewe waliokwisha kukamatwa. Hapo likajitokeza jambo ambalo takwimu za kituo cha polisi zilikuwa zimelifunika: nyumba iliyokwisha kuibiwa ilikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kuibiwa tena kuliko nyingine. Mwizi alikuwa anarudi. Alishaujua mlango, dirisha na njia ya kutokea, na mita ilikuwa imeanza kujaa upya.

Basi hawakujaribu kuulinda mtaa mzima. Walianza na walioibiwa. Mita za sarafu ziliondolewa, makomeo yakaimarishwa, na majirani wapatao watano au sita waliozunguka nyumba iliyoibiwa wakaombwa waitupie macho. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka balozi wa nyumba kumi, na msomaji wa Kenya Nyumba Kumi ya mwaka 2013, ila kuna tofauti: Kirkholt kikundi kilizaliwa kumzunguka mtu aliyekwisha kuumia. Ndani ya miezi 5 wizi wa kuvunja nyumba ulishuka hadi asilimia 40 ya kiwango cha awali. Baada ya miaka 3 ulikuwa umepungua kwa robo tatu. Awamu ya pili ikaongeza mambo ambayo hayana uhusiano na makomeo hata kidogo, likiwemo la chama cha akiba na mikopo, kwa sababu mahojiano yalionyesha madeni yalikuwa yanawasukuma baadhi ya wezi.

Mradi huo mdogo unaeleza vizuri kuliko vitabu vingi kile kinachoitwa uhalisia katika sosholojia ya uhalifu. Nadharia za zamani zilipenda swali kubwa. Je, uhalifu unatokana na ubepari, na malezi, au na jamii inayowabandika vijana jina la uhalifu kabla hawajafanya lolote? Wanauhalisia waliona kwamba majibu ya maswali hayo, hata yakiwa sahihi, hayamsaidii bibi anayeogopa kwenda dukani jioni. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi za Magharibi zilitajirika, shule na hospitali zikajengwa, lakini uhalifu ulioandikishwa polisi ukazidi kupanda. Nadharia iliyosema umaskini ukipungua wizi utapungua ilikuwa na la kujieleza.

Uhalisia huo ulikuja na mirengo miwili, na mirengo yenyewe haikupendana.

Wa kushoto ulizaliwa London. Jock Young alikuwa mmoja wa waandishi wa kitabu cha mwaka 1973 kilichoutazama uhalifu kwa macho ya Kimarx. Miaka 11 baadaye, yeye na John Lea walitoa kitabu kingine kilichowakaripia wenzao wa mrengo huohuo: kusema hofu ya uhalifu ni kelele za magazeti ni kuwapuuza wafanyakazi na maskini, kwa maana hao ndio wanaoibiwa na kupigwa zaidi. Ili kulithibitisha hilo Young na wenzake walienda nyumba kwa nyumba. Uchunguzi wa Islington, uliochapishwa 1986, ulikuta karibu theluthi ya kaya zimeguswa na uhalifu mkubwa katika mwaka mmoja uliotangulia, na zaidi ya nusu ya wanawake walieleza kwamba kwa kawaida hukwepa kutoka usiku. Hayo hayakuwa kelele za magazeti.

Kuhusu chanzo, Lea na Young hawakutaja umaskini mtupu. Walitaja hisia ya kupunjwa. Mtu anaweza kuishi na kidogo bila kuiba, lakini akiona wenzake wanapata kile anachoamini ni haki yake pia, na hana chama wala mbunge wa kumsemea, hasira hutafuta njia nyingine. Kwa hoja hiyo nchi inaweza kutajirika na uhalifu ukaongezeka papo hapo. Wao walisisitiza pande nne za kila tukio: mhalifu, mwathirika, dola na umma. Ukigusa upande mmoja, nyingine tatu zinasogea.

Mfano walikuwa nao karibu. Aprili 1981 polisi wa London waliendesha operesheni iliyoitwa Swamp 81 katika mtaa wa Brixton, wenye wakazi wengi wenye asili ya Karibi. Katika siku chache walisimamisha watu 943 na kukamata 118. Kabla operesheni haijaisha mtaa ukalipuka kwa ghasia. Kwa Lea na Young, hasara haikuishia kwenye magari yaliyochomwa. Polisi hutegemea taarifa za wananchi ili kumpata mhalifu, na mwananchi aliyesimamishwa na kupekuliwa bila kosa hafungui kinywa.

Mrengo wa kulia ulikuwa na mtu wake Marekani, James Q. Wilson. Machi 1982, yeye na George Kelling waliandika kwenye jarida la The Atlantic kwamba kioo kimoja kilichovunjika kikiachwa bila kurekebishwa, vingine vitafuata, kwa kuwa kioo hicho kinatangaza kwamba hapa hakuna anayejali. Wazo si la kubeza. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichomeka bahasha kwenye kisanduku cha barua, noti ya yuro 5 ikionekana wazi. Kisanduku kilipokuwa safi, asilimia 13 ya wapita njia waliiiba. Kilipochorwachorwa kwa rangi, walioiiba walikuwa asilimia 27.

Ila bahasha ya yuro 5 si ujambazi. Robert Sampson na Stephen Raudenbush walipitisha gari lenye kamera polepole katika mitaa ya Chicago, wakarekodi vipande vya barabara zaidi ya 23,000, kisha wakalinganisha uchafu na uhalifu. Matokeo yao ya 1999 yalionyesha kwamba kwa sehemu kubwa vyote viwili vina mizizi ileile: umaskini uliorundikana mahali pamoja, na majirani wasioaminiana kiasi cha kumkanya mtoto wa mwenzao. Kwa sehemu kubwa, taka hazikuzaa uhalifu. Wilson alikuwa ameona kitu cha kweli, lakini wanasiasa walikichukua vibaya, kwa sababu kuwakamata wachoraji wa kuta ni rahisi kuliko kuwapatanisha majirani.

New York ndiko jambo hilo lilikofika mbali. Kuanzia 1994, meya Rudolph Giuliani na mkuu wa polisi William Bratton waliwaandama waruka-geti wa treni, walevi wa barabarani na wasafisha vioo vya magari. Mauaji, yaliyozidi 2,200 mwaka 1990, yalishuka hadi 633 mwaka 1998, na sifa zikaenda kwenye nadharia ya kioo. Wakati huohuo uhalifu ulipungua pia San Diego, ambako polisi walifuata njia ya kushirikiana na wakazi. Baadaye New York ikazidisha upekuzi wa barabarani. Mwaka 2011 polisi waliandikisha zaidi ya visa 685,000 vya kusimamisha watu, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na karibu 9 kati ya 10 hawakukutwa na kosa lolote la kuwafikisha popote.

Agosti 2013 jaji wa shirikisho, Shira Scheindlin, aliamua kwamba upekuzi ulivyokuwa ukifanywa ulivunja katiba. Watetezi wa upekuzi huo walionya kwamba damu itamwagika. Kufikia 2017 visa vilivyoandikishwa vilikuwa chini ya 12,000 kwa mwaka, na mauaji, ambayo 2011 yalikuwa 515, yalikuwa 292. Ilikuwa idadi ya chini kabisa tangu miaka ya 1950.