Mkanda wa miezi 18

Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vikitajwa, wengi huwakumbuka makamanda: David Musuguri, Silas Mayunga na wenzao. Wanastahili. Lakini vita vile vilibebwa pia na watu ambao hawakushika bunduki, na hao hatujawasimulia vya kutosha.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na haukupita muda eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, likawa mikononi mwao. Novemba 3 wakalivunja daraja la Kyaka. Mama aliyebaki ng'ambo na mtoto mgongoni alikuwa na askari nyuma yake na mto mbele yake. Kuna waliowahi kuvuka, kuna waliojificha migombani, na kuna waliouawa. Waliorudi baadaye walikuta nyumba zimebomolewa na ng'ombe wameswagwa kwenda Uganda.

Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Nchi ilishangilia, kisha njaa ya bidhaa ikabisha hodi. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Vita vilikuwa vimekausha hazina, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ikapaa. Miezi 18 ikaisha, mkanda ukabaki pale pale.

Watu waliwahi duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, alfajiri. Aliyechoka kusimama aliweka jiwe au kikapu kwenye foleni, akaenda zake kutafuta riziki nyingine, akirudi anakuta nafasi yake ipo. Kwangu mimi, heshima ile kwa jiwe la mtu asiyekuwepo ni ushujaa kamili. Sabuni ilipoadimika, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Chai ilinywewa kavu, bila sukari. Mahindi ya njano yalipoletwa, watu wakauita unga wake unga wa Yanga, wakasonga ugali, watoto wakala wakaenda shule. Miguuni, katambuga za matairi.

Walanguzi walikuwepo, na mwaka 1983 serikali ikaanza kuwasaka wahujumu uchumi. Ila walio wengi walipanga foleni tu, mwaka baada ya mwaka.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita sasa anaukaribia umri wa miaka 70. Kama nyumbani kwenu yupo, keti naye wikiendi hii, washa kinasa sauti cha simu yako, umuulize walikula nini na walivaa nini. Usingoje Siku ya Mashujaa.