Mashine Kuukuu ya Mashua: Jinsi ya Kuikagua na Kuitunza

Katika miezi ya karibuni wametujia watu wa nyumba tatu mbalimbali, kila mmoja kwa siku yake, nao wote walikuwa na swali moja: "Mwalimu, tumepata mashine ya mashua, imekwisha tumika lakini bei yake ni nafuu, je, tuinunue?" Nasi twakaa visiwani, upande wa Ukerewe katika Ziwa Viktoria, ambako soko, hospitali na shule mara nyingi huwa ng'ambo ya maji, kwa hiyo swali hili si la wavuvi peke yao. Tuliwajibu kila mmoja kwa kadiri ya nafasi, lakini tumeona ni heri kuyaandika yote mahali pamoja, ili msomaji ayapate kabla hajafungua mfuko wake.

Mashine tunayoinena ni ile ndogo ifungwayo kwenye ubao wa tezi kwa skrubu mbili za mkono, yenye nguvu za farasi 8, au 15, au 25. Kichwa chake hukaa juu, mguu wake hushuka majini, na mwisho wa mguu kuna rafadha, ambayo mafundi wengi huiita pangaboi. Wala si kitu cha jana: Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekaa Milwaukee huko Marekani, alikuwa akiuza mashine za namna hii mwaka 1909, na umbo lake halikubadilika sana tangu hapo.

Kwanza tuwasimulie yaliyotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulichanga fedha watu watano, walimu wawili na wenye nyumba watatu, tukaenda Mwanza kununua mashine ya farasi 15. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa amekwisha kuutia mguu wa mashine katika pipa la maji uani kwake. Akavuta kamba mara moja, ikanguruma. Rangi yake ilikuwa mpya, ikimetameta kama sufuria ya arusi. Tukahesabu fedha, tukaichukua, tukarudi kwetu tukijisifu.

Wiki ya tatu, saa nane ya mchana, tulikuwa tukimvusha mtoto mwenye homa kali, pamoja na mama yake, kwenda hospitali. Tulipofika katikati ya maji mashine ikaanza kutoa harufu ya kuungua, ikapungukiwa na nguvu, ikanyamaza. Chomboni palikuwa na kafi moja tu, maana tulikuwa tumesema, Tuna mashine, kafi za nini? Upepo ukatushika. Tulipiga maji kwa kafi ile na kwa ubao wa kukalia hata saa mbili ya usiku, na mama yule hakusema neno lolote njia nzima, ila alikuwa akimfunika mwanawe kwa kanga iliyolowa. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini kimya kile cha mama yake twakisikia hata leo.

Kesho yake fundi aliufungua mguu mbele yetu. Gurudumu la mpira lililo ndani ya pampu ya maji lilikuwa limekatika mabawa, yamebaki mawili, nayo yameungua. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa. Fundi akafuta mikono yake, akasema, "Mwalimu, siku ile mlinunua rangi. Mashine mtainunua sasa."

Basi, anza ukaguzi wako chini, usianze juu. Watu wengi hukitazama kichwa, kwa kuwa ndicho kitoacho sauti, na rangi nayo hupakwa huko. Katika mguu, karibu na rafadha, utaona skrubu moja chini na nyingine juu yake. Weka kikombe, ulegeze ile ya chini kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo mashine ikiwa imelala usiku kucha, maji yaliyoingia yatatoka kwanza. Na kama yamekwisha kuchanganyika na oili utaona kitu cheupe kama tulichokiona sisi. Maana yake ni kwamba mipira ya kuzuia maji imechoka. Hilo peke yake halitoshi kuikataa mashine, kwa maana mipira hubadilishwa. Ila gia zilizokaa majini siku nyingi huota kutu, na bei haina budi kushuka. Vumbi laini la chuma katika oili si ajabu. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia, na hapo umwage muuzaji kwa heri uende zako. Naye muuzaji asiyekubali skrubu hiyo ifunguliwe amekwisha kukujibu.

Ukiwa hapo hapo chini, weka gia iwe huru, uzungushe rafadha kwa mkono polepole ukiutazama mtaimbo wake. Ukiyumba hata kidogo, umepinda, na mtaimbo uliopinda huiharibu mipira mipya kila utakapoiweka. Kisha mwombe aivue rafadha. Nyuma yake mara nyingi hukutwa uzi wa nailoni wa nyavu uliojiviringisha, ukakata mpira kama kisu. Katika ziwa letu lenye nyavu pande zote, hiki ndicho chanzo kikubwa cha maji kuingia katika gia, na watu hawakishuku.

Sasa njoo kichwani. Kiguse kwa kiganja kabla hakijawashwa. Kama kina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, nawe una haki ya kusema utarudi baadaye. Mashine iliyokwisha pata moto huwaka kwa urahisi na kuficha udhaifu wake. Fungua plagi uzitazame nchani. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye kulowa ni dalili ya oili au petroli kupita kiasi, na nyeupe kama majivu ni dalili ya joto kuzidi. Kama kuna silinda mbili, rudisha plagi moja tu, uvute kamba polepole uone jinsi inavyokaza. Kisha fanya vivyo hivyo kwa ile nyingine. Mkono wako utakuambia kama zalingana. Fundi mwenye kipimo atakupa hesabu iliyo sahihi zaidi, lakini hata yeye atatafuta jambo lilo hilo, kwamba silinda mbili zisipishane kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100. Mashine ambayo silinda zake zimechoka sawasawa yaweza kukutumikia miaka mingi bado. Ile ambayo moja ni nzima na moja imelegea ina ugonjwa ndani.

Tazama pia kama mashine ilipata kuzama. Kutu chini ya gurudumu la juu, mchanga katika pembe zisizofikiwa na kitambaa, skrubu zilizokwaruzwa vichwa, na rangi mpya iliyopita juu ya uchafu, hayo yote ni maneno. Tena pima urefu wa mguu. Iko ya mguu mfupi, kwa tezi ya kimo cha sentimita 38 hivi, na ya mguu mrefu, kwa sentimita 51 hivi. Mguu mfupi katika mashua yenye tezi ndefu utakufanya uvute hewa badala ya maji.

Mwisho wa yote iende ziwani, si pipani. Katika pipa mashine haina kazi, inanguruma bure tu. Majini, ikiwa na watu watatu au wanne chomboni, gia zikitiwa mbele na nyuma, ndipo utakapoijua. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sisi tulilikosa. Nyuma ya kichwa kuna tundu dogo litoalo uzi wa maji. Lile gurudumu la mpira huyavuta maji ya ziwa kupitia mguuni, huyapandisha yapooze silinda, na sehemu yake hutokea hapo. Uzi huo lazima utoke mara mashine iwakapo, uwe na nguvu, na baada ya dakika chache uwe wa vuguvugu. Ukidhoofika, au ukiwa moto usioshikika, au usipotoka, zima papo hapo. Nasi tulikuwa tumesafiri wiki tatu tukidhani ni uchafu unaovuja.

Hata kama uzi ni mzuri, badilisha gurudumu hilo siku uinunuapo mashine, na baadaye kila mwaka. Ni kitu kidogo cha mpira, gharama yake si kitu ukiilinganisha na silinda. Wala usiiwashe kamwe mashine ikiwa kavu ili kuwasikilizisha wageni sauti yake. Mpira ule hupozwa na maji yenyewe, na ukizunguka pakavu huungua upesi mno.

Liko neno la namba. Mashine hizi huibwa ziwani, na wavuvi wengine hunyang'anywa zao kwa nguvu usiku. Namba ya mashine imeandikwa katika kibao karibu na vishikio vya kufungia. Isome, uilinganishe na hati ya mauzo, na kama hati hakuna, uliza kwa viongozi wa mwalo anakotoka muuzaji. Kibao kilichong'olewa au namba iliyokwaruzwa, usiinunue kwa bei yoyote. Huenda nyumba fulani ng'ambo ya pili inalala na njaa kwa ajili ya mashine hiyo.

Katika utunzaji, kosa kubwa tuliloliona ni la mafuta. Mashine zile ambazo oili huchanganywa na petroli zina kipimo chao. Kwa nyingi za miaka hii ni oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 200 katika lita 10. Za zamani hutaka zaidi, basi usome kitabu chake au kibandiko. Wako wapunguzao oili ili kuokoa senti, na pistoni hukwama. Wako wazidishao wakidhani wanaihurumia mashine, na plagi huziba masizi kila juma. Nunua oili ya mashine za majini, iliyoandikwa TC-W3, usitumie ya pikipiki. Petroli nayo ichuje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa maana madumu yetu hukaa mvuani na maji huingia. Na ile iliyokaa miezi mingi usiitumie. Oili ya gia ni nyingine kabisa; ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au kila miezi sita. Ijaze kwa tundu la chini hata itokee la juu, ufunge la juu kwanza, ndipo la chini.

Magugu maji, yaliyoingia ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni adui wa kila siku. Hujiviringisha katika rafadha, tena huziba matundu ya kuvutia maji. Ukipita katikati yake zima, inua mguu, uyaondoe kwa mkono. Ndugu zetu wa pwani hawana magugu haya, lakini wana chumvi. Wao inawapasa kuiendesha mashine katika maji baridi yasiyo na chumvi dakika kumi kila warudipo, na kukitazama kile kipande cha zinki mguuni, ambacho huliwa na chumvi badala ya mashine. Kikiisha nusu kibadilishwe, wala kisipakwe rangi.

Ikitokea imetumbukia ziwani, usiiache juani ikauke, kwani kutu huanza mara ipatapo hewa. Toa plagi, igeuze matundu yaelekee chini, uvute kamba polepole maji yatoke. Mwaga kabureta, tia oili kidogo katika silinda, weka plagi kavu, uiwashe siku ile ile, na iendeshe nusu saa au zaidi. Lakini ikiwa imeingia mchanga, au kamba imekaza, usivute tena. Ipeleke kwa fundi.

Mashine yetu ile tuliitengeneza, tukalipa karibu nusu ya bei tuliyoinunulia, nayo yafanya kazi hata sasa. Imefungwa tezini kwa skrubu zake na tena kwa kamba ya usalama. Mwenye kuishika hujifunga mkononi kamba ya kuzimia, ili akianguka majini mashine ijizime. Katika mfuko wa turubai chini ya ubao wa kukalia twaweka plagi mbili, spana yake, bisibisi, pini za rafadha, kamba ya kuwashia na kitambaa kikavu. Maboya ya kujiokolea ni kwa hesabu ya watu. Na kafi ni mbili. Yule mama ndiye aliyetuletea ya pili, mwezi uliofuata, imechongwa na mumewe.